Kasha la Fundi Mwepu

Baba alikuwa fundi wa saa, Kamalondo,
na wakati hakuuamini.
"Saa hudanganya kwa upole," alisema,
"sarafu hudanganya na tarehe imeivaa."

Kasha lilikuwa la biskuti, kutu kwenye pembe.
Ndani, bahasha alizozikunja kwa kurasa
za daftari langu la hesabu,
na juu ya kila moja, kwa penseli: ENZI.

Ya kwanza haikuenea kashani.
Msalaba wa shaba, mzito,
ulichimbuliwa Katuba watu wakichimba choo.
Aliuegemeza mlangoni, upepo wa Agosti usiubamize.
"Huu hauna mwaka. Ukitaka umri wake,
uliza kaburi lililoutapika."

Kisha Enzi ya Tundu.
Nyota, na katikati yake, hewa.
Bibi alizitunga kwenye uzi, akazivaa kiunoni,
kodi ya kichwa ikilia anapotembea.
Baba aliinua moja, akanichungulia ndani yake:
"Kwenye shaba hii mfalme wa mbali
hakuweka uso. Aliweka shimo."

Ya Ndovu ilikuwa na pembe sita,
nyuki wangeitambua.
Ilikuja na vita vya wengine,
wakati moshi wa bomba la kiwanda haukulala
na kilima cheusi cha takataka za shaba
kilikua kama mtoto anayekula vizuri.

Ya Ndizi, bahasha nyembamba kuliko zote.
Mkungu upande huu, na upande ule
msalaba uleule wa mlangoni,
umerudi mdogo, umevaa sare.
Mkusanyaji hasugui sarafu, kutu ndiyo cheti chake,
alinichapa vidole kwa kosa hilo.
Lakini hii aliisugua mwenyewe, jioni,
redio imezimwa,
mpaka ndizi zikaiva, zikaoza, zikaisha.

Makuta alizimwaga tu. Chui wa alumini,
mwepesi, hakuuma mtu.
Na baada ya hapo bahasha tupu, imeandikwa:
Enzi ya Magunia.
Pesa zilikuwa karatasi, tulizibeba kwa gunia
tukarudi na mkate mfukoni.

Mama Ndaya alipima unga wa bukari kwa kikombe
na kucheka mgawanyo wote huo.
"Enzi ni mbili, Mwepu.
Uliporudishiwa chenji,
na usiporudishiwa."
Baba aliandika maneno hayo pembeni,
akayafuta, akayaandika tena.
Jana, duka la Kenya, nilitoa franga
nikarudishiwa pipi mbili na kiberiti.
Mama angeuliza pipi hizi zina mwaka gani.

Alipozikwa, nilikuta bahasha moja
chini ya karatasi ya kasha, imebandikwa kwa gundi.
Ndani, kipande bapa, chembamba kama ulimi wa paka,
hakina uso, hakina tarehe, hakina ndizi.
Kimekanyagwa na treni.
Juu yake hakuandika ENZI.
Aliandika: *ya Kaseba*.

Kaseba, mdogo wake, aliyekuwa akilaza sarafu relini
kisha akikimbia pembeni kuzisubiri,
hadi siku moja, mwaka wa ndizi,
sarafu ikasubiri peke yake.

Wiki hii alikuja bwana kutoka Likasi,
lenzi jichoni, glavu nyeupe.
Alipanga kila kitu mezani, safu kwa safu,
utawala kwa utawala, na bei zake zilikuwa za haki.
Msalaba aliupapasa kama mgonjwa.
Kisha akakiokota kile kipande, akakigeuza,
akakigeuza tena.

"Hii ni ya enzi gani, mama?"

Nilifunga kasha.
Nikamwambia hiyo haiuzwi,
sina chenji yake.